Mgongo wa Nahodha

Jumanne, saa nane na dakika kumi mchana, mtunza ghala wa kampuni ya vitabu alivuta droo ya kumi na tisa akakuta karatasi mbili. Zilipaswa kuwa ishirini na nne. Aliirudisha droo, akaivuta tena taratibu, akidhani labda macho yanamfanyia mzaha. Kisha akapanda ngazi hadi ofisi ya mkurugenzi na kusema kwamba michoro ya toleo la kumi na tisa haipo.

Hakupewa hata kiti. Mkurugenzi alimuuliza ufunguo wa ghala uko kwa nani. Akajibu uko kwake, shingoni, kwenye kamba. Upo mwingine? Haupo. Basi, alisema mkurugenzi, na akawapigia polisi simu, mama wa watu akiwa bado amesimama mbele yake. Miaka ishirini na saba ya kutunza ghala ilifutwa kwa maswali mawili.

Aliyetumwa alikuwa Sajini, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Kituoni walimjua kwa mambo mawili: hakuwa na desturi ya kuacha faili mezani, na hakuwahi kujifunza kunyamaza mbele ya mjinga mwenye cheo. Alifika saa tisa kasoro robo. Mkurugenzi alimpokea kwa kumwonyesha mwizi.

"Ni huyo hapo," alisema. "Mimi nataka michoro irudi kabla ya Ijumaa. Isiporudi, mpelekeni ndani."

"Wewe unachapisha vitabu," Sajini alimwambia. "Nani wa kupelekwa ndani, niachie mimi."

Michoro yenyewe haikuwa kitu kidogo. Miaka thelathini na moja iliyopita kampuni ilikuwa ikitoa katuni ya kila mwezi iitwayo Kikosi cha Watano, habari za mashujaa watano wanaoruka, kupigana na kuokoa watu, wakiongozwa na Nahodha. Toleo la kumi na tisa ndilo lililokuwa la ajabu kuliko yote. Halikuwa na adui wala ngumi hata moja. Watu wanalibishania hadi leo, na sasa kampuni ilitaka kulichapisha upya kutokana na kurasa zile zile zilizochorwa kwa mkono. Ijumaa iliyopita, saa kumi jioni, mkurugenzi aliwaita wahusika akawatangazia kwamba amenunua skana mpya. Kamera ya zamani haikuona penseli ya bluu, ndiyo maana wachoraji wote waliitumia kupangia picha kabla ya kupitisha wino. Skana hii inaona kila kitu. Msomaji angeona mpaka alama za chini kabisa, alisema kwa fahari. Sajini aliuliza nani walikuwepo siku hiyo. Walikuwa watatu: mtunza ghala, Mchoraji Mkuu wa katuni ile, na mkusanyaji mmoja wa katuni za kale aliyeombwa kuandika maelezo ya nyuma ya kitabu.

Akashuka ghalani. Kilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya karatasi na dawa ya mende, na droo pana za chuma mpaka darini. Kufuli halikuwa na mkwaruzo. Karatasi mbili zilizobaki zilikuwa jalada na ukurasa wa ishirini na tatu, yaani wa mwisho. Jaladani Nahodha alikuwa ametunisha kifua, na kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa akimtabasamia msomaji. Chini ya wino, mistari ya bluu ilionekana wazi kwa macho.

Mtunza ghala alijibu kila aliloulizwa kwa sauti ndogo. Umri wake miaka hamsini na minane. Zamani ndiye aliyekuwa akiandika maneno ya katuni ile kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika ndani ya viputo vya usemi wa wahusika. Mchoraji Mkuu ni kaka yake, toka nitoke. Mara ya mwisho kuiona michoro yote ilikuwa Ijumaa. Tangu hapo hakuna aliyeingia ghalani.

"Hata kaka yako hakuingia?"

Mama yule aliitazama sakafu. "Kaka yangu ni mtu mzima, afande. Ana shughuli zake."

Hilo halikuwa jibu, na wote wawili walijua. Sajini aliudhika. Katika kazi yake alikuwa amezoea waongo, na wala hawakumsumbua, lakini mtu anayeutia mdomo wake kufuli wakati wengine wanamchimbia shimo alimtia hasira ya pekee.

Jumatano asubuhi alianza na mkusanyaji, kwa sababu daftari la wageni lilionyesha alikuja Jumatatu saa tano, na mkurugenzi alikumbuka kumsikia akisema yuko tayari kuuza nyumba apate jalada la toleo lile. Mkusanyaji aliishi ndani ya katuni. Zilijaa kitandani, juu ya friji, hata bafuni. Aliposikia anashukiwa, alipandisha mori.

"Afande, niibe nini? Umesema jalada limebaki?"

"Limebaki."

"Basi nitukane kwa lingine. Kwa watu kama sisi jalada lina thamani kuliko kurasa zote zikiwekwa pamoja. Mimi niingie pale, nichukue karatasi ishirini na mbili za ndani, halafu jalada niliache? Huyo mwizi hajui katuni, au anajua sana."

Sajini alilipenda jibu hilo kuliko alivyompenda mwenye kulitoa. Aliomba kuazimwa nakala ya toleo lenyewe. Ilimchukua mkusanyaji robo saa kukubali, na alimkabidhi ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na masharti mengi.

Alilisoma akiwa kituoni, mlango umefungwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili lilipotoka, alikuwa amelingoja mwezi mzima, na alipolimaliza alilitupa ukutani. Mashujaa gani hawa wanakaa tu chumbani? Sasa alilisoma kwa macho mengine. Kulikuwa na kitanda. Mgonjwa hakuonekana ila blanketi na mkono mmoja mwembamba. Shujaa mwenye nguvu za kuinua garimoshi alikuwa akiinua mto. Mwenye mbio kuliko risasi alikuwa amekaa kwenye kigoda, hana pa kukimbilia. Walipokezana maji, walifungua dirisha, walilifunga. Na Nahodha, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa ishirini na mbili, alisimama dirishani akiwapa wote mgongo. Sajini alimtafuta uso kila picha, hakuuona. Kwenye ukurasa wa mwisho ndipo alipogeuka ghafla akicheka, kwa mistari minene, kana kwamba ametoka hadithi nyingine na hajaambiwa kilichotokea.

Alipangusa macho, akajikasirikia kwa kuyapangusa. Kisha akahesabu. Kurasa zilizoibwa ishirini na mbili. Kurasa ambazo Nahodha hana uso, ishirini na mbili. Zilizoachwa ni zile mbili tu zenye uso wake.

Saa nane mchana alikuwa kwa Mchoraji Mkuu. Mzee alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari, na ukuta wa sebule yake ulikuwa umejaa tuzo na picha zake akipeana mikono na watu. Aliongea kama mtu aliyezoea kipaza sauti.

"Uso wa Nahodha ni wangu," alisema. "Tulikuwa na sheria kwenye chumba chetu cha kazi. Wengine wachore miili, majengo, magari. Uso ule hakuna aliyeugusa ila mimi. Hata dada yangu."

"Kwa nini toleo hili umeuficha?"

Alishusha sauti. Alisema alilichora akiwa kando ya kitanda cha mama yake, wiki ambayo mama alifariki. Huzuni ilimgeuza Nahodha. Alikuwa amelisimulia hilo kwenye majukwaa mengi, na lilikuwa limelainika kama sarafu ya zamani. Jumatatu? Ndiyo, alifika kampuni kuzungumza na mkurugenzi habari za dibaji. Na mkoba mkubwa wa michoro ambao mlinzi alimwona nao? Huwa anatembea nao kila mahali. Halafu, bila kuulizwa, akamzungumzia dada yake.

"Msimwonee sana. Umri umekwenda, anasahausahau. Na ukweli ni kwamba siku zote alitamani kuwa mchoraji, hakujaliwa. Wivu wa namna hiyo humla mtu polepole."

Sajini alifunga daftari lake kabla hajasema neno la kumfukuzisha yeye mwenyewe kazi.

Daftari la mlangoni lilisema Mchoraji aliingia Jumatatu saa sita na dakika ishirini, akatoka saa saba na dakika tano. Mkurugenzi alisema hawakukaa naye hata dakika kumi. Alipopigiwa simu kuulizwa nusu saa nyingine ilikwenda wapi, Mchoraji alisema alikuwa akipiga soga na mlinzi. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Yule? Miaka yote hii hajawahi kunijibu salamu. Soga ataipiga na nani?"

Sajini alirudi kwa mtunza ghala, safari hii nyumbani kwake, na akamweka wazi: kaka yake anasema yeye ni msahaulifu na mwenye wivu. Mama yule aliyapokea maneno hayo kama mtu anayepokea mzigo aliokwisha kuubeba siku nyingi. Akakaribisha chai. Hakusema zaidi. Sajini aliondoka amefura. Bila neno la mama huyu hakuwa na kitu. Nusu saa isiyoeleweka haimfungi mtu, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, mlinzi alikuta bahasha kubwa ya kaki langoni. Ndani yake zilikuwamo kurasa zote ishirini na mbili. Mkurugenzi alifurahi kama aliyeshinda bahati nasibu, na furaha yake haikumzuia hata kidogo kuwa katili. Mwizi wa nje angeuza, alisema. Aliyerudisha ni wa ndani, ameingiwa na hofu. Mtunza ghala atafukuzwa leo, na mashtaka yako pale pale.

Sajini alizitandaza kurasa mezani ghalani, akaweka kando zile mbili ambazo hazikuibwa. Zile mbili zilikuwa za manjano, na bluu yake bado ilikuwapo. Zile ishirini na mbili zilikuwa safi, safi mno kwa karatasi za miaka thelathini na moja. Hapakuwa na mstari mmoja wa bluu. Karatasi ilikuwa imeota vinyweleo kwenye sehemu zilizosuguliwa, hasa nyuma ya kichwa cha Nahodha, picha baada ya picha. Alikung'uta bahasha. Likadondoka vumbi la raba, vipande vidogo vyenye rangi ya bluu.

Kisha akaona kitu kwenye ukurasa wa nane. Kipande cha maneno kilichobandikwa ndani ya kiputo kilikuwa kimebanduka pembe moja, gundi imekauka kwa uzee. Chini ya pembe ile palikuwa na rangi ya bluu. Aliinama na kuchungulia. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umekaza. Akampigia Mchoraji simu, akamwomba aje saa nane mchana kuthibitisha michoro yake, na aje na mkoba.

Walikutana ofisini kwa mkurugenzi. Mchoraji aliingia amejaa majivuno tele, akampa mkono kila mtu isipokuwa dada yake. Mtunza ghala alikuwa amekaa kwenye kiti ambacho Sajini alikuwa amemletea mwenyewe. Mkusanyaji naye alikuwepo, kwa sababu hakukubali kukosa.

"Nieleze," Sajini alimwambia Mchoraji, "mwizi aliiba kurasa ishirini na mbili, akazisugua kwa raba siku mbili, kisha akazirudisha. Alikuwa anatafuta nini?"

"Mwendawazimu hatafuti kitu."

"Huyu alikuwa anaondoa. Fungua mkoba wako."

Alisita, akaufungua. Sajini aliupindua juu ya meza nyeupe ya mkurugenzi na kuugonga kwa kiganja. Vumbi la raba likamwagika, la bluu, sawasawa na lile la kwenye bahasha.

"Mimi ni mchoraji," alisema Mchoraji. "Raba ni kazi yangu. Ulitegemea utakuta unga wa ngano?"

Mkusanyaji alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Sajini alivuta ukurasa wa nane, akachukua kisu cha karatasi.

"Zamani hizo, nani alikuwa akibandika maneno kwenye viputo?"

"Dada. Ilikuwa kazi yake."

"Wewe hukuwahi kubandika hata kimoja?"

"Sikuwa na muda wa mambo hayo."

"Ndiyo maana hukukumbuka kuangalia chini yake."

"Msibandue," alisema mtunza ghala. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie. "Afande, nakuomba. Acha."

Mkurugenzi alimnyooshea kidole, akasema si mmeona, anaogopa. Sajini hakumsikiliza. Alipitisha kisu chini ya karatasi, nayo ikaachia bila ubishi. Chini yake, kwa penseli ya bluu na mwandiko mzuri wa duara, mwandiko ule ule wa maneno yote ya katuni, palikuwa pameandikwa: *Kaka, mitambo inaanza Ijumaa. Uko wapi? Mama anakuulizia.*

Alibandua kingine, ukurasa wa tatu. *Uso wa Nahodha nimekuachia nafasi. Uje uuweke.* Ukurasa wa kumi na nne: *Leo hajala. Watu nimewaambia una homa.* Ukurasa wa ishirini na mbili: *Sikungoji tena. Nimemgeuza.*

Mkusanyaji alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ulichora wewe," Sajini alimwambia mtunza ghala. "Kurasa zote ishirini na mbili. Sheria ilikukataza kugusa uso wa Nahodha, ukauacha wazi ukimngoja kaka yako. Alipokosa kuja, ukarudi nyuma ukamgeuza Nahodha picha zote. Chini ya zile nywele za wino palikuwa na duara la uso, kwa bluu. Skana ingelionyesha dunia nzima. Yeye alichora jalada na ukurasa wa mwisho tu, na hizo hazikumtisha, kwa hiyo aliziacha." Akamgeukia Mchoraji. "Ulikuwa wapi?"

Mzee alifungua mdomo kutoa ile hotuba yake ya kando ya kitanda, akakuta haipo. Ikamlazimu kusema kweli, na kweli yake ilikuwa ndogo na ya aibu. Alikuwa kwa rafiki yake, mtaa wa tatu kutoka nyumbani. Siku kumi na mbili. Aliogopa kumwona mama akiwa vile. Alirudi siku ya mazishi, akakuta toleo limekamilika, bado ukurasa mmoja tu na jalada. Watu wakampongeza kabla hajasema neno, na baadaye ikawa vigumu kulisema. Alitaka tu kuondoa yale maandishi na kurudisha kurasa. Hakujua kwamba lawama ingemwangukia dada yake.

"Hukujua?" Sajini alisema. "Mimi nilikaa sebuleni kwako. Ukaniambia ana wivu, ukaniambia anasahau. Ulimtupia mwenyewe, kwa mkono wako."

Mkurugenzi alikohoa. Sasa akawa mtu wa amani. Alisema michoro imepatikana, kitabu kina tarehe yake, jina la Mchoraji ndilo linalouza, na mtunza ghala anaweza kurudi kazini kesho asubuhi bila kinyongo. Mambo yanaweza kuishia humu ndani.

"Jumanne ulitaka alale mahabusu bila kumpa hata kiti," Sajini alimwambia. "Leo mwizi amekuwa mtu wa tuzo, unataka yaishie humu ndani. Wewe huna haya." Hata hivyo alijua kwamba kesi yake ilikuwa na pengo. Hakuna shahidi aliyemwona Mchoraji ghalani, na mkurugenzi hangeshtaki. Aliyebaki alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amenyamaza kwa miaka thelathini na moja.

Mchoraji alilijua hilo vilevile. Alimsogelea dada yake, akainama.

"Dada, haya ni ya nyumbani. Tuyamalize nyumbani."

"Nyumbani ndiko ulikokosekana," alisema mtunza ghala.

"Mama alikuambia usiniaibishe. Ulimwahidi."

"Nilimwahidi." Alisimama. "Na nimeitunza ahadi. Nimekaa kwenye viti vya nyuma nikikusikia unawasimulia watu jinsi ulivyomshika mkono. Mkono ule nimeuchora mimi, kwa sababu nilikuwa nimeushika mimi. Nikasema haidhuru, ni kaka yangu. Jumatatu ulikuja na mkoba, ukaniomba nikuache peke yako na kazi zako za zamani, ukanituma maji ya kunywa. Nikakuachia. Jumanne nilipovuta ile droo nilijua palepale. Bado nikanyamaza. Nikasema hataniacha niende jela, atakuja. Nimekungoja siku tatu."

Mzee alikuwa akilia. Alisema alikuwa na hofu tu, wakati ule na sasa.

"Usiku wa mwisho," alisema dada yake, "kila akifumbua macho alikuwa anauliza umefika. Nikamwambia umefika, uko nje unanawa mikono, unaingia sasa hivi. Alikata roho akitazama mlango. Nilidanganya kwa ajili yako mpaka kwa mtu anayekufa. Sina tena mwingine wa kumdanganya."

Alimgeukia Sajini, akavuta kiti mpaka mezani, akakaa.

"Jumatatu, saa sita na nusu mchana, nilimfungulia mlango wa ghala mimi mwenyewe," alisema. "Andika."

Sajini aliandika mpaka mwisho, akamsomea, kisha akampa kalamu aweke sahihi.